Picha Zilizokwenda kwa Waya

Mshono uliniambia kabla dada hajaniambia.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti, dukani kwa mama hapa Migori. Mama hushona nguo, na mimi nikiwa nyumbani humsaidia kukata nyuzi na kupiga pasi. Siku hiyo alikuwa ametoka kidogo kwenda kutafuta vifungo. Dada yangu, ambaye hufundisha shule ya msingi Homa Bay mjini, alikuwa amekuja kujaribu gauni la ayie. Ayie ndiyo siku watu wa upande wa mwanamume wanapokuja kwa kina msichana kusema wamefuata nini, na mama wa msichana anatamka mbele ya watu kwamba amekubali. Gauni hilo mama alikuwa amelipimia mwezi wa sita. Sasa zipu ilipanda ikafika kiunoni, ikakataa.

"Nifungulie hapa," dada akasema, akijigusa ubavuni. "Vidole viwili kila upande. Na Mama asijue."

Nilishika kitambaa nikamtazama kwenye kioo. Naye alinitazama humohumo kwenye kioo, hakugeuka. Mimi si mtu wa maneno. Darasani mwalimu akiniuliza swali huwa najua jibu, lakini linakwama kooni mpaka mwingine alitaje. Kwa hiyo sikuuliza kitu. Nilichukua kiwembe nikaanza kufumua, na nilipofika kidole cha pili dada akasema polepole, "Miezi mitatu na kitu. Usilie sasa, utalowesha kitambaa."

Sikuwa ninalia. Sawa, nilikuwa ninalia kidogo.

Ni lazima nieleze kwa nini. Sisi husali Jumamosi. Mama ni shemasi, na dada ndiye husimama mbele kila Sabato na watoto wadogo akiwafundisha nyimbo. Kanisani kwetu msichana akijulikana ana mimba kabla ya arusi, anasimamishwa kila huduma, na arusi yake haifungwi kanisani. Hufanywa nyumbani, haraka, na watu huja wakitazama chini. Dada alikuwa ameshaona ikifanyika kwa rafiki yake. Na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kutaja Desemba. Dada na mchumba wake, shemeji yangu, walitaka Septemba, lakini wangesema sababu gani? Mpango wao ulikuwa ayie ipite kwanza salama, halafu shemeji awabembeleze wajomba zake. Mpaka hapo asijue mtu. Tuliojua tulikuwa watatu: dada, shemeji na mimi.

Halafu Waya akaleta habari za kamera.

Waya ni dada mkubwa wa marehemu baba. Ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi wa upande wa baba, na tangu baba afariki yeye ndiye husimamia mambo yote ya nyumbani kwetu kule Homa Bay. Pia ni kiongozi wa kina mama kanisani. Waya hawezi kutunza siri kwa sababu hana sauti ya chini. Alikuja Migori kupimwa nguo yake ya ayie, akakaa nasi siku mbili, na jioni ya kwanza akatusimulia arusi aliyohudhuria Kisumu.

"Kwenye meza kuna kadi ndogo," alisema. "Kwenye kadi kuna kile kimraba cha madoadoa. Unaskani na simu, simu yako inageuka kamera. Lakini si kamera ya kuchezea! Unapewa picha kumi tu, na ukipiga huoni kitu. Kama zile kamera za zamani za kupeleka filamu ikasafishwe. Unaenda nyumbani na hamu yako. Kesho yake zinafunguka zote za watu wote pamoja. Hata mimi nilipiga."

"Ulipiga nini, Waya?" mama akauliza.

"Viatu vyangu. Lakini nilipiga."

Mama akacheka hadi akaacha cherehani. Waya akasema basi na sisi tutafanya hivyo hivyo, wageni sitini, kadi sitini, watu wa Sori waone kwamba huku pia kuna watu. Shemeji ni wa Sori, na Waya ana jambo lake na watu wa Sori ambalo sijawahi kulielewa.

Dada alinivuta nje, penye karo la kufulia.

"Watu sitini," akasema. "Unaelewa? Watu sitini wakinivizia kutoka ubavuni."

Nikasema tukatae tu. Akatikisa kichwa.

"Simu wanazo. Watapiga hata tukikataa, na zitakuwa kwenye stetasi kabla soda haijaisha. Hapana. Afadhali zote ziingie chungu kimoja, na kifuniko nikishike mimi." Alikuwa ameanza kufikiri kama mwalimu. "Tafuta ile ambayo mwenye sherehe anaona picha kwanza kabla ya mtu yeyote. Ninaondoa za ubavuni, zingine ziende. Wewe ndiye unajua mambo haya."

Mimi ninajua mambo haya kwa sababu ninasoma somo la kompyuta, mashine moja watu wanne. Sikumwambia hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza dada kunipa kitu kikubwa nikishike.

Sina simu. Ya mama imepasuka kioo na imejaa. Kwa hiyo nilitafuta kwa simu ya Waya, ambayo mwanawe alimtumia kutoka ng'ambo, mpya, yenye kamera tatu ambazo Waya huziita macho ya buibui. Kila alipoiweka chini niliichukua.

Nilipata huduma tatu. Ya kwanza ilitaka kila mgeni apakue programu. Niliijaribu kwenye simu ya mama, ikasema hakuna nafasi, nifute vitu. Vitu vyenyewe vilikuwa picha za baba. Nikaiacha hapohapo, wageni wengi simu zao ni kama ya mama. Ya pili ilikuwa nzuri, rangi rangi, lakini picha ikipigwa inatokea papo hapo kwenye skrini kubwa mbele ya watu. Nilimpigia dada, aliyekuwa amerudi Homa Bay, kumweleza, akasema "Hapana, hapana, hapana," mara tatu hivyo, mpaka mwalimu mwenzake anayeishi naye akamuuliza kama kuna msiba. Ya tatu ilifunguka bila kupakua chochote. Mgeni anaandika jina lake, anapata picha kumi, haoni kitu. Picha zinakwenda kwa mwenye sherehe, naye anabonya alama ya kijani ikipita au nyekundu ikifutika. Asiyoigusa inabaki imefichwa. Halafu saa aliyopanga, zilizopita zinafunguka kwa wote. Nikachagua Jumatatu, saa kumi alasiri. Shemeji akasema sawa, akatuma pesa za kulipia.

Kilichobaki ni kujiandikisha. Dada alikuwa amenipa anwani yake ya barua pepe na nywila yake kwenye kijikaratasi. Niliandika, ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Pengine herufi kubwa, pengine mwandiko wake. Chini yake palikuwa na kitufe kingine: endelea na akaunti iliyo kwenye simu hii. Na Waya alikuwa mlangoni.

"Nyathina, mtoto wangu, nipe simu. Watu wananitafuta."

"Naja, Waya."

"Unakuja wapi na umekaa?"

Nikabonya. Ikaniuliza jina la mwenye sherehe, nikaandika jina la dada. Nikaona jina lake limetokea juu kwa herufi za mviringo, na maua pembeni. Nikadhani basi, ni yake. Alhamisi nikapeleka kile kimraba saiba, duka la kompyuta, wakanichapishia kadi sitini kwenye karatasi ngumu. Nilizikata mwenyewe kwa mkasi wa mama.

Ijumaa tulifika nyumbani Homa Bay mchana, tukapika, tukafagia, kwa sababu jua likizama Sabato imeingia na hakuna kazi tena. Dada alikuja saa kumi na moja hivi. Jambo la kwanza aliloniambia ni, "Nionyeshe kifuniko changu." Kisha akaitwa kusukwa, akanipa simu yake. "Niingize. Nitaangalia baadaye."

Niliingiza anwani yake na ile nywila, safari hii ikakubali. Nikasubiri maua na herufi za mviringo. Ikaandika: akaunti hii haina sherehe yoyote. Nikaskani kadi. Ikaandika: karibu, mgeni, una picha kumi.

Nilihisi baridi, na nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Jina la dada lilikuwa pambo tu. Mwenye sherehe alikuwa yule mwenye akaunti. Picha zote za Jumapili, za mbele na za ubavuni, zingeingia kwenye simu ya Waya, mtu asiye na sauti ya chini, kiongozi wa kina mama. Kutengeneza sherehe mpya ningeweza, lakini kadi sitini zilikuwa zimechapishwa na saiba iko Migori. Njia ilikuwa moja: nishike simu ya Waya dakika tano, nibadilishe mwenye sherehe.

Nilikimbia nyumbani kwake, hatua hamsini. Jua lilikuwa limekaribia vilima vya ng'ambo ya ghuba. Waya alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake la bati. Kila Ijumaa huzima simu, huifunga kwenye kitambaa cha kichwa na kuifungia ndani ya sanduku. Kufuli ilikuwa inalia *tak* nilipofika mlangoni.

"Waya, naomba simu. Dakika tano tu."

"Unataka simu ya nini na jua limekaa pale?"

"Kuna kitu cha kamera nirekebishe."

"Kamera ni ya Jumapili."

"Ni kidogo tu, Waya."

Akaweka ufunguo kifuani, akanitazama. Waya ana macho ambayo yakikutazama unakumbuka dhambi zako kwa mpangilio wa tarehe. "Kitu kidogo kinaweza kungoja siku moja," akasema. "Njoo tuimbe."

Tukaimba. Mama, dada, Waya na binamu zangu, sote sebuleni, jua likizama. Dada alinigusa goti.

"Iko sawa?" akanong'ona.

"Iko sawa," nikasema.

Nimefikiria sana kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka kuirekebisha kabla hajajua iliwahi kuharibika. Niliogopa uso wake. Sababu ni hizo mbili na zote ni zangu.

Sabato nzima sikusikia neno. Dada alisimama mbele na watoto, amevaa kitenge kipana, mikono juu wakiimba, na kila alipoinua mikono mimi nilibana tumbo langu. Waya alikaa kando yangu akinukia mafuta ya nazi. Ufunguo ulikuwa palepale kifuani. Jua lilipozama na simu ikatolewa, ililia mfululizo: mwenye tenti, mwenye viti, watu wa Sori wakisema samaki wameshatoka kisiwani Mfangano na wako njiani kwenye barafu. Waya hakuiweka chini hata mara moja. Niliiomba mara mbili. Mara ya pili akasema, "Wewe na simu yangu mmeoana?" Watu wakacheka na mimi nikajificha jikoni.

Jumapili upepo wa ziwa ulianza mapema kuliko kawaida. Tulibandika kadi mezani kwa gundi ili zisipeperuke. Watu wa Sori walikuja saa tano, magari manne, na wale samaki, mbuta wakubwa mno hivi kwamba wanawake wetu walipiga vigelegele bila kutaka. Mshereheshaji akatangaza: leo hakuna kupiga picha ovyo, kila mtu kumi tu, chagua kwa akili, zitafunguka kesho saa kumi! Watu walipenda kama mchezo. Mzee mmoja wa Sori aliweka kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, juu ya kadi, akangoja, akaigeuza, akangoja tena.

"Mbona yangu haisomi?"

"Baba, hiyo yako inasoma redio tu," mwenzake akamwambia.

Nilicheka na wengine, lakini macho yalikuwa kazini. Nilihesabu simu. Dada alijua kusimama. Kila simu ilipoinuka mbele yake alishusha mkoba wake tumboni, taratibu kama mtu asiye na haraka, akatabasamu. Za mbele zote zilikuwa salama. Nilimfuata Waya mara tatu, lakini simu ilikuwa mkononi mwake muda wote, anapiga. "Nimebakisha mbili!" alinipigia kelele. "Usinisumbue, nachagua kwa akili!" Mara ya tatu alinipa sahani ya wali niipeleke kwa wazee.

Kisha mama akaitwa.

Alisimama katikati ya tenti, dada kando yake. Mjomba wa shemeji akasema maneno yake, akanyamaza. Ilikuwa zamu ya mama kusema amekubali. Mama akafungua mdomo asiweze, kwa sababu ni baba aliyepaswa kuwa pembeni yake. Dada akasahau mkoba. Aliuacha ukaning'inia begani, akamshika mama mgongoni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukashuka wenyewe ukakaa chini ya tumbo, kama mtu anavyoshika bakuli lisimwagike. Upepo ukaja. Gauni likamganda ubavu mzima.

Nilikuwa ubavuni. Simu ya dada, aliyoniachia nimshikie, ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nimebakisha picha moja. Nikapiga.

Sina maelezo mazuri. Mimi niliyefumua mshono, niliyepaswa kuzuia picha za namna hiyo, ndiye niliyeipiga. Nilikuwa nimeona kitu kizuri na kidole kikaenda. Nilipoinua macho niliona simu nyingine ziko juu upande huohuo. Tano. Sita. Mama akasema, "Ayie. Nimekubali," na tenti ikalipuka kwa vigelegele, na dada akakumbuka mkoba wake.

Jumatatu asubuhi wageni wa Sori walikuwa wamekwenda. Dada aliketi kitandani na simu yake, akiisugua kioo kwa kidole.

"Mbona sioni picha hata moja? Inasema mimi ni mgeni."

Nilisimama mlangoni. Jibu nililijua, likakwama palepale linapokwama siku zote. Na kabla halijatoka, sauti ya Waya ikavuka boma zima.

"Jamani! Simu yangu imejaa picha za watu! Njoo unionyeshe, na ulete miwani yangu!"

Dada alinitazama. Sikuwa na haja ya kusema tena. Niliona akielewa kipande kwa kipande, akaweka simu kitandani kama kitu cha moto.

"Nenda," akasema. "Anakuita."

Waya alikuwa nyuma ya nyumba yake, kivulini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nikampa miwani nikachuchumaa. Picha mia tatu na zaidi zilikuwa zikimngoja.

"Kijani inafanya nini?"

"Inapita, Waya. Watu wote wataiona saa kumi."

"Na nyekundu?"

"Inafutika. Hakuna atakayeiona."

"Hakuna?"

"Hata aliyepiga."

Akavaa miwani, akaanza. Kijani, kijani, kijani. Mbuta wamelazwa kwenye majani, kijani. Mzee na kabambe yake, kijani, akacheka peke yake. Binamu yangu mdomo umejaa chapati, nyekundu: "Huyu hataolewa." Yeye mwenyewe wigi limeenda upande, nyekundu bila maelezo. Niliangalia kidole chake tu. Kilikuwa kinene, chenye alama ya kisu ya zamani, na kilishuka kwenye kioo bila haraka.

Kisha kikasimama.

Dada, kutoka ubavuni. Upepo. Gauni. Waya aliisogeza karibu na miwani, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kuku alipita kati yetu. Nilisikia maji ya beseni yakitikisika kidogo kwa sababu alikuwa akichezesha vidole vya miguu.

"Hii imekaa vibaya," Waya akasema. Nyekundu.

Ya pili ya namna hiyo ilikuja baada ya kumi nyingine. "Hii jua limeingia." Jua halikuwa limeingia. Nyekundu. Ya tatu: "Huyu mkono wake unatetemeka, nani alimpa simu?" Nyekundu. Ya nne, ya tano, ya sita, kila moja alikuwa na kosa lake, na kila kosa alilitaja kwa sauti ya chini. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti hiyo kwake. Sikujua anayo.

Halafu ikafika yangu. Chini ya kila picha huandikwa jina la mgeni aliyepiga, na siku ile nilikuwa nimeandika langu.

"Hii umepiga wewe."

"Ndiyo, Waya."

Aliitazama muda mrefu kuliko zote. Hakuitafutia kosa.

"Ni nzuri," akasema. Kisha akanipa simu. "Wewe ndiye ulipiga. Malizia mwenyewe."

Nikaitazama mara moja, nikabonya nyekundu. Haikuuliza kama nina uhakika. Ilitoweka, na mahali pake pakatokea watoto wanakunywa soda.

Waya akatoa miguu kwenye beseni, akaipangusa, akampigia simu mjomba wa shemeji kule Sori. Hakuniondoa. "Ndugu yangu, Desemba sitaki," alimwambia, sauti yake imerudi kama kawaida. "Magoti yangu Desemba huwa mabaya. Septemba. Ndiyo, mwezi ujao. Nyinyi mna samaki, sisi tuna msichana, tunangoja nini?" Mama akatoka jikoni akiwa na mwiko, akauliza gauni la arusi atalishona lini.

"Wewe ukitaka unashona haraka," Waya akamjibu. "Na ulifanye pana. Wasichana wa siku hizi hawawezi kupumua kwenye nguo mnazowashonea."

Mama alimtazama Waya, kisha akatazama mlango wa chumba alichokuwa dada, kisha mwiko. Akarudi jikoni. Sijawahi kujua alielewa nini, na hajawahi kuniuliza.

Saa kumi picha zikafunguka na simu za watu zikaanza kulia shukrani. Binamu mmoja alilalamika kwamba zake nne hazipo. "Hukujua kupiga," Waya akamwambia, ikaishia hapo.

Dada alinisubiri nje ya choo, mahali pekee penye faragha siku hiyo.

"Ulimwambia."

"Sikumwambia."

"Septemba ameitoa wapi? Kwenye magoti?"

Nikamweleza. Nywila iliyokataa, kitufe, Waya mlangoni, sanduku la bati. Nilieleza kwa kurudia rudia na kumeza maneno. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani kwa kuwa amepata alichotaka, Septemba, kanisani, basi.

"Ijumaa nilikuuliza," akasema. "Ukaniambia iko sawa. Ningejua ningekaa na mkoba wangu, ningejifanya naumwa kichwa, ningefanya kitu. Nilisimama pale mbele ya watu wote nikijua mtoto wa mama yangu ameshika kifuniko."

Hakuongea nami tena mpaka shule zilipofunguliwa. Arusi ilifungwa kanisani, Jumapili, nikapewa ruhusa ya siku moja. Mezani hapakuwa na kadi. Walikodi mpiga picha mmoja, na nilimsikia dada akimwambia apige za mbele tu. Alinikumbatia kama anavyokumbatia wageni.

Siku ya wazazi kututembelea shuleni ilikuwa Oktoba. Nilimtarajia mama. Aliyekuja ni dada, tumbo wazi kabisa sasa, analitanguliza kama tenga la nyanya, na chapati kwenye kikapu. Tuliketi kwenye nyasi nyuma ya maabara. Aliniuliza kuhusu hesabu. Nikajibu. Tukala. Kisha, akitazama chapati, akauliza, "Siku ile, mama alipokuwa anashindwa kuongea. Ulipiga yoyote?"

"Moja."

"Iko wapi?"

"Niliifuta. Waya alinipa nifute mwenyewe."

Alikunja kipande cha chapati, akakikunjua.

"Nimetafuta kwenye zote zilizobaki," akasema. "Hakuna hata moja ambayo tuko na Mama na sijashika ule mkoba." Kisha akasema, "Ilikuwaje?"

Kengele ya wageni kuondoka ilikuwa bado. Nikameza chapati. Nikamwambia kwamba upepo ulikuwa unatoka kushoto, na kwamba kitambaa cha mama cha kichwani kilikuwa kimelegea upande mmoja na yeye hakuwa amejua. Kwamba mkono mmoja wa dada ulikuwa mgongoni kwa mama, vidole vimefunguka. Akauliza na wa pili. Nikamwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe, chini hapa, hivi. Akautazama mkono wangu, akaweka wake mahali palepale.

"Na uso?" akasema. "Nilikuwa naangalia wapi?"

Nikaendelea kumwambia.